Sokwe Hakutokea

Jumamosi iliyopita, mbele ya mama mkwe, shemeji, watoto wa shemeji na sinia la sambusa, niliahidi sokwe. Sokwe hakutokea. Mama mkwe bado yuko kwetu, ndege yake ni mwisho wa mwezi, na kila tukipishana ukumbini hunisalimia kwa upole mno, upole ule wanaotengewa wafiwa na watu waliofilisika.

Wala sikuahidi sokwe wa kubahatisha. Niliahidi King Kong mwenyewe, tena akizichapa na Godzilla, kwa sababu ndivyo kaseti ilivyosema. Nilikuwa nimeipata asubuhi ileile kwenye soko la mitumba hapa Hamburg, chini ya rundo la kaseti za mazoezi ya viungo, ikiwa na maandishi yasiyohitaji mkalimani: King Kong gegen Godzilla. King Kong dhidi ya Godzilla. Mzee muuzaji alitaka yuro 5, nikampa bila hata kumwomba apunguze, jambo ambalo mtu aliyekulia Tanga halifanyi ila amepagawa.

Nilipoingia nyumbani nimeikumbatia, mama mkwe, aliyekuwa amejifunika blanketi karibu na hita, aliuliza ni kitu gani. Nikamtajia. Akainua kichwa.

"King Kong? Yule sokwe? Nilimwona sinemani nikiwa msichana."

Miaka yote ya ndoa yangu, upande wa mke wangu umenijua kama mwanamume anayejaza nyumba kaseti za mijusi. Sasa mkuu wa upande huo anataka kuangalia mojawapo, tena kwa hiari yake! Nikampigia shemeji simu aje na watoto. Nikavuta pazia. Nikapuliza vumbi kwenye deki.

Filamu ikaanza. Mlima Fuji ukapasuka, akatoka Godzilla.

"Ndiye sokwe huyu?"

"Hapana, Mama, huyu ni yule mwingine. Sokwe anakuja."

Godzilla akakutana na Anguirus, mnyama mwenye miiba mgongoni ambaye kwa kawaida ni rafiki yake, akampasua taya. Watoto wakashangilia. Kisha, kwenye mitambo ya mafuta, akatokea Godzilla wa pili.

"Na huyu?"

"Huyu naye Godzilla, Mama."

"Wawili?"

"Wawili."

"Basi sokwe ana kazi."

Wale wawili wakapigana mpaka ngozi ya mmoja ikaungua na kubanduka, na chini yake pakaonekana chuma kitupu kinachong'aa. Roboti. Waigizaji, ambao wote walikuwa Wajapani wanaozungumza Kijerumani safi kuliko changu, wakaanza kulitaja kwa jina. Shemeji, aliyesoma shule hukuhuku, akaacha kutafuna.

"Shem, wanasema hilo bati ndilo King Kong."

"Umesikia vibaya."

"Wamesema tena."

Kilichoniponza zaidi ni kwamba manyani yamo. Katika filamu hii dunia inavamiwa na watu wa sayari nyingine wenye sura za binadamu, na wakijeruhiwa sura zao hubadilika zikawa za nyani. Wa kwanza alipobadilika, mama mkwe alipiga makofi.

"Huyo! Keshafika!" Kisha akasogea mbele kidogo. "Mbona mfupi?"

Nikaona upenyo. "Huyo ni wa ukoo wao tu, Mama. Wanatangulia."

"Na mbona amevaa nguo?"

Shemeji aligeukia dirisha. Mabega yalikuwa yakimtikisika.

Baadaye msichana wa Okinawa akaimba wimbo mrefu wa kumwamsha King Caesar, mlinzi wa kisiwa mwenye sura ya simba, aliyelala ndani ya mwamba. Mama mkwe aliupenda wimbo ule. Akauliza kama sokwe naye huamshwa kwa kuimbiwa, na kama ndivyo, kwa nini hawamwimbii. Mwishoni Godzilla, aliyepigwa na radi hadi mwili wake ukawa sumaku, alilivuta lile roboti likamjia bila kupenda, akalinyonga shingo mpaka kichwa kikang'oka. Nikawasha taa. Mama mkwe akajitengeneza mtandio.

"Haya. Nimeona mjusi kapigana na sufuria. Ahsante, baba."

Akaenda kuswali Isha.

Usiku ule hakuna aliyenipa nafasi ya kueleza. Kwa hiyo naeleza hapa, na safari hii hakuna wa kunikatiza.

Filamu tuliyoiona ni ya mwaka 1974, kazi ya mwongozaji Jun Fukuda wa kampuni ya Tōhō, na huko Japani roboti lile huitwa Mechagodzilla, jina ambalo halimdanganyi mtu. Filamu ya sokwe na mjusi ipo kweli. Ni ya mwaka 1962, iliongozwa na Ishirō Honda, na ndani yake Haruo Nakajima amevaa mwili wa Godzilla na Shoichi Hirose amevaa mwili wa sokwe, wanaume wawili wanasukumana kwa jasho katikati ya majumba yanayowafika kiunoni. Ilipofika Ujerumani ikaitwa Die Rückkehr des King Kong, kurudi kwa King Kong, Godzilla asitajwe kabisa. Lile jina la wote wawili likabaki halina mwenyewe, nao wasambazaji wa Kijerumani hawakutaka lipotee bure. Filamu ya 1974 ilipowafikia, wakaivisha.

Na hawakuishia kwa roboti moja. Filamu ya 1973, ambamo roboti liitwalo Jet Jaguar linasaidiana na Godzilla, nayo iliuzwa hapa ikiwa na King Kong kwenye jina, na King Kong huyo ni Jet Jaguar. Sokwe halisi aliporudi kwenye filamu ya Tōhō ya 1967, Ujerumani ilimpokea kama King-Kong, Frankensteins Sohn: mtoto wa Frankenstein. Yaani sokwe amepachikwa baba asiyemjua, na maroboti mawili yanatembea na jina lake. Kadhi gani atagawa mirathi ya ukoo huu?

Huyo Frankenstein naye hakuzuka hivihivi. Mwaka 1965 Tōhō walitengeneza, pamoja na Wamarekani, filamu ambayo Frankenstein yumo kweli: wakati wa vita moyo wa kiumbe chake unatolewa Ujerumani na kupelekwa Japani, unafikia hospitali ya Hiroshima, bomu linaanguka, na kutokana na moyo ule anakua kijana jitu. Hadithi ya ajabu, na mimi naipenda. Wasambazaji wa Kijerumani waliipenda kupita kiasi. Toka hapo filamu nyingi za majitu walizozipokea kutoka Tokyo wakaziandika Frankenstein. Ile ya 1968 iliyokusanya karibu majitu yote ya Tōhō kisiwa kimoja ni Frankenstein und die Monster aus dem All. Ile ya 1967 ya mtoto wa Godzilla ni Frankensteins Monster jagen Godzillas Sohn. Ile ya 1971, Godzilla akipigana na jitu la uchafu wa viwandani, Frankenstein yumo kwenye jina pia. Ndani ya filamu hizo tatu hata kivuli cha Frankenstein hutakiona. Rafu yangu ina Frankenstein wengi kuliko Transylvania, na Transylvania kwenyewe ni kwa Dracula.

Shemeji, alipomaliza kucheka, alisema mbona hata nyumbani ni yaleyale: kwenye kibanda cha video, DJ anasimulia filamu ya Kichina kwa Kiswahili, anawapa waigizaji majina anayotaka, na watu wanalipa tena kesho. Si yaleyale hata kidogo. Anachofanya msimulizi kama DJ Afro ni kupanda juu ya filamu na kuizungumzia mbele yako; sauti ya wenyewe bado unaisikia chini yake, na kila aliyeketi anajua nani anatia chumvi, ndiyo maana kalipa. Hawa wasambazaji wa hapa Ujerumani waliifuta sauti ya mwenyewe, wakaweka ya kwao, wakaandika uongo juu ya jalada, wakakaa kimya.

Na hata filamu hiyo isiyo yenyewe sikuipata nzima. Filamu ya sinema hupita picha 24 kwa sekunde. Televisheni za nchi nyingi za Ulaya, na za kwetu Afrika Mashariki, zilifuata mfumo wa PAL, unaotaka 25. Mafundi hawakuhangaika kutafuta picha ya ziada. Waliikimbiza tu filamu haraka zaidi, kwa kiasi cha asilimia 4. Filamu ya dakika 84 inakwisha kwa dakika 81, na kila sauti iliyomo inapanda kwa zaidi kidogo ya theluthi mbili za nusu toni, yaani mwimbaji mwenye sikio atakwambia tumehama ufunguo. Kwenye filamu ya mapenzi si neno. Wapenzi wataonana mapema. Lakini fikiria mngurumo wa Godzilla. Mwaka 1954 mtunzi Akira Ifukube alichukua besi, lile fidla kubwa linalopigwa kwa kusimama, nyuzi zikalegezwa, zikasuguliwa kwa glavu ya ngozi iliyopakwa utomvu wa msonobari. Kisha sauti iliyorekodiwa ikapunguzwa kasi ili izame chini, iwe ya kitu kizito kinachoumia. Huo ndio mlio unaokusimamisha nywele. Halafu fundi mmoja wa Ulaya anakuja na PAL yake, anauongezea kasi, anaupandisha tena juu. Tangu nilijue hilo, kila Godzilla akinguruma kwenye deki yangu namsikia kama anayeharakishwa na mtu aliyekaa nyuma yake na saa.

Mikasa mingine ni ya kawaida. DVD niliyoagiza Japani ilikuja bila maandishi ya chini, nikatazama wazee wa Kijapani wakikaa vikao, maana filamu hizi zina vikao kuliko chama cha ushirika. Ofisi moja ya forodha ilinitaka nifungue kifurushi na kueleza mbele ya foleni matumizi ya mjusi wa plastiki. Kaseti moja iliota ukungu mweupe ndani, ikaambukiza deki. Na nyingine iliyoandikwa Godzilla kwa kalamu ilikuwa na harusi ya watu tusiowajua. Mke wangu aliitazama mpaka mwisho na anasema ndiyo bora katika mkusanyo wangu.

Haya yote huwa nacheka nikiyasimulia. Kuna moja silicheki.

Machi 1, 1954, Marekani ililipua bomu la haidrojeni kwenye kisiwa cha Bikini. Majivu yake yakawaangukia wavuvi wa Kijapani wa chombo kiitwacho Daigo Fukuryū Maru, na mtu wao wa redio, Aikichi Kuboyama, akafariki Septemba mwaka uleule. Novemba 3 filamu ya kwanza ya Godzilla ikaingia sinemani. Waliokaa kwenye viti vile hawakuhitaji kuelezwa mjusi anayeamshwa na mabomu ni nani. Katika treni, msichana anasema, kama anayetaja bei ya samaki, kwamba alinusurika Nagasaki, na sasa balaa jingine hili. Filamu ile ni ya dakika 96. Mwaka 1956 Marekani ikaizungusha duniani ikiwa ya dakika 80, na ndani yake wakampachika Raymond Burr akiigiza mwandishi wa habari Mmarekani anayeangalia Tokyo ikiungua na kutueleza sisi jinsi ya kusikitika. Maneno ya yule msichana wa treni hayamo. Waliomtupia bomu ndio waliomkata kauli. Filamu ya Kijapani yenyewe ilikuja kusambazwa kwenye kumbi za sinema za Marekani mwaka 2004.

Utasema hayo yalikuwa ya zamani, siku hizi kuna diski, kila mtu anapata filamu nzima. Nami nilisema hivyo. DVD zilipokuja, wenye biashara walikaa na ramani ya dunia wakaigawa kanda. Marekani na Kanada kanda ya 1. Japani na Ulaya ya 2. Afrika Mashariki ya 5, pamoja na India na Urusi. Diski ya kanda moja haifunguki kwenye mashine ya kanda nyingine. Zilipokuja Blu-ray, wakakaa tena, wakachora upya: Japani ikahamishiwa kanda A pamoja na Marekani, Ulaya ikawa B, na Afrika nzima ikabebwa B. Hakuna aliyetuuliza mwaka 1884 walipokaa kule Berlin kuigawa Afrika, na hakuna aliyetuuliza safari hii.

Kwa hiyo DVD yangu ya Kijapani ya filamu ile ya kwanza inafunguka hapa Hamburg, na Blu-ray ya Kijapani ya filamu ileile, nzima, safi, msichana wa treni yumo, haifunguki. Godzilla huvuka bahari kwa miguu na hakuna aliyewahi kumwomba viza. Diski yake, niliyoilipia bei kamili na ushuru juu, huingia kwenye mashine, hutafakariwa kidogo, kisha hutemwa mikononi mwangu na maandishi ya adabu kwamba haina ruhusa katika eneo hili. Nimepanga foleni za ubalozi mimi. Lugha hiyo naijua. Sikutegemea kuandikiwa na kifaa changu mwenyewe, sebuleni kwangu, nikiwa na risiti mkononi.