Ngome Iliyoliwa Usiku Mmoja

Reli ya Bububu ilikuwa na upana wa futi tatu, na kwa ajili ya futi hizo tatu ukumbini kwetu hamna tena pa kutandika busati.

Mume wangu alistaafu ualimu wa historia, na mwalimu wa historia akistaafu huhamishia darasa nyumbani. Alirudi kutoka Darajani na treni ya kuchezea ya mtumba: kichwa kimoja, mabehewa mawili yasiyolingana, na furushi la reli zenye upana wa milimita 16.5. Akaketi na rula, akagawanya, kisha akaruka kama mtu aliyeuona mwezi wa Idi peke yake. Ukiifanya kila futi kuwa milimita tano na nusu, futi tatu ni milimita 16.5, haipungui haizidi. "Inakaa, Mama Salma! Inakaa!" Mimi nilikuwa napepeta mchele, hata sikuuliza ni nini kinachokaa. Kumbe ni ubao wa plaiwudi wa mita 2.4, na pa kukaa pake ni baina ya kochi na mlango wa jikoni.

Kwa wasioijua, reli ile ya hapa Unguja ilijengwa na kampuni ya Kimarekani, ikaanza kazi mwaka 1905, ikitoka ubavuni mwa Ngome Kongwe, ikipita mtaa wa Malindi, hadi Bububu, mwendo wa maili saba hivi. Mwaka 1922 ikaacha kuchukua abiria, ikabaki kubeba mawe ya kazi za bandari, kisha ikafa. Maili saba kwa kipimo cha mume wangu ni zaidi ya mita 200 za reli. Basi yeye, asiyemsamehe mtoto akikosea mwaka wa vita vya Khalid, alichukua kifutio akaifuta njia karibu yote: Ngome upande huu, nyumba chache za Malindi, Bububu upande wa kochi, na minazi ya kuzibia aibu. Kufuta huko akakuita kufupisha. Lakini ole wako uweke ubaoni kitu kilichokuja baada ya 1922. Watu wa treni za mfano ndivyo walivyo: masafa watakudanganya mchana kweupe, ila kwa kitasa cha mlango wataapa.

Wa kwanza kuangukiwa na sheria hiyo ni mavyaa wangu, tunayekaa naye. Alikuwa amekata nyasi za plastiki akatengeneza bustani ya Forodhani, na vimeza vya wauza urojo, akavipanga mbele ya Ngome. Mwanawe akavitoa kimoja kimoja kwa kibanio.

"Mama, bustani ile ni ya mwaka 1936, ya jubilei ya Sayyid Khalifa. Hapa bado tuko kwa Sayyid Ali bin Hamud."

"Sayyid Ali nimemkosea nini mimi?" akauliza mavyaa, akavifunga vimeza vyake ndani ya leso.

Wajukuu wakafuata. Walijaza behewa la mizigo karafuu kutoka kwenye kopo langu la viungo, na babu yao akawapigisha hesabu: kwa kipimo chake karafuu moja ina urefu wa karibu futi tatu, yaani gunia zima. Rangi nayo ikatugawa. Kadi za posta za wakati ule, treni inapita mtaani na watu wanaitazama, ni nyeusi na nyeupe. Behewa lilikuwa la kijani au la hudhurungi? Akazikalia kadi kwa kioo cha kukuzia mpaka macho yakamtoka maji. Mavyaa akasema ni kijani. Alipotakiwa ushahidi, akasema rangi iliyobaki stoo tulipopaka milango ni kijani. Behewa ni la kijani.

Hapa sharti nimpe haki yake. Nyumba za Malindi alizijenga kwa elimu. Vyumba vya nyumba za mawe ni vyembamba kwa sababu dari hulala juu ya boriti za mikoko, na boriti haivuki mita tatu hivi. Basi kila chumba chake kikawa na upana wa milimita 54, na vijiti vya kuchokolea meno akavipanga juu kimoja kimoja, vilivyopinda akivitupa. Ukiinama jicho likawa sawa na ubao, unaona dari kutoka chini, na barazani amesimama mtu wa milimita 30, mwenye kanzu ya karatasi ya sigara, anangoja treni.

Kilichomponza ni Ngome. Povu la boksi la televisheni lilimpa kuta laini mno, na ukuta wa matumbawe una vishimo na mabaka. Akachana magazeti, akayaroweka, akayakanda kwa uji mzito wa unga wa ngano, unga wangu wa vileja vya sikukuu. Akapandisha kuta na minara ya duara, akaiparuza kwa mswaki mkuukuu, akapiga chokaa juu. Ilipokauka, wallahi ilikuwa Ngome. Majirani walikuja kuitazama. Panya nao.

Ile ya kweli Waomani waliijenga baada ya kuwang'oa Wareno, mwishoni mwa karne ya 17, na mpaka leo ipo. Yetu ililala nzima ikaamkia mnara mmoja na nusu. Ukuta wa upande wa bahari haukuwapo kabisa. Chokaa walikuwa wameitema kwa ustadi, vijipande vimetapakaa juu ya reli, na nyayo ndogo nyeupe zilipita Malindi nyumba kwa nyumba hadi jikoni kwangu. Mume wangu alisimama na kikoi chake, hana neno. Mavyaa akatoka chumbani, akatazama.

"Wareno wamerudi," akasema.

Tukaazima paka kwa jirani. Kwa kipimo cha ubaoni, paka yule alikuwa mnyama wa futi 45 kwenda juu, na pahala alipopapenda pa kulala ni stesheni ya Bububu, mkia umekatisha njia. Treni ikafika kwa saa yake. Paka akaruka, minazi ya kumbi ikaruka naye, mmoja ukatua ndani ya mchuzi wa pweza. Panya hakukamatwa hata mmoja.

Ngome ya pili akaifanya kwa saruji, ubao ukapinda katikati, tukautegemeza kwa kinu. Hapo sikukuu ikaingia. Wageni wakala pilau jikoni kwa zamu, sahani magotini, nami nilikuwa nawangoja mawifi waseme lile nililochoka kulisema. Wakala, wakanawa, wakauzunguka ubao. Ami mmoja akataka treni isimame Malindi, ana mtu wa kumwona. Wifi akauliza mbona Beit al-Ajaib haipo. Akajibiwa kuwa ubao umekwisha. Mavyaa akasema bora, maana hata ile ya kweli sehemu yake iliporomoka Disemba 2020, na ile haikupikiwa uji wa ngano.

Umeme ukakatika. Treni ikagota Malindi, kwa ami hasa, naye akashukuru. Ndani ya giza, kwa tochi ya simu, nikamwona mume wangu anaupima ukuta wa chini ya dirisha. Akaanza kuwasomesha wageni: kabla ya Bububu, Sayyid Barghash alitandika reli yake mwaka 1879, kutoka mjini hadi kasri la Chukwani, upana futi mbili, na mabehewa yalikokotwa na nyumbu kabla ya kuletwa kichwa kutoka Uingereza. Futi mbili ni milimita 11.

"Na nyumbu," akasema, akinitazama mimi, "hawataki umeme. Nitawafinyanga kwa udongo."

"Watakula nini?" akauliza mavyaa.

"Mama, nyumbu wa udongo hawali."

"Hata Ngome ilikuwa haili," akasema mavyaa. "Ikaliwa."