Deki ya Mama Mkwe

Kwa Waganda, mwanamume hakaribiani na mama mkwe wake. Hamkai sebule moja, hampeani mkono, na wazee husema ukivunja mwiko utapatwa na obuko, maradhi ya kutetemeka mwili. Mimi mtu wa Tanga niliuona mwiko huu ni neema tupu, hadi nilipojitia kimbelembele kuahidi kumtengenezea mama mkwe diski ya kwanjula yetu, sherehe ya kutambulishana ukweni. Diski ikigoma, fundi haruhusiwi kuingia ndani.

Kwa hiyo mjumbe akawa ssenga, shangazi wa mke wangu, aliyekuwa akipanda teksi ya Masaka na diski kwenye mkoba, kisha kunipigia simu Kampala kunipa taarifa ya mgonjwa.

Ilikuwa 2012, nami nina laptopu ya Windows 7. Nilisikia Windows 7 ina programu yake ya kutengenezea DVD. Ni kweli, ila kwa wenye matoleo ya bei. Langu lilikuwa Starter, ambalo hata picha ya nyuma ya skrini lilikuwa haliruhusu kuibadilisha. Basi nikachukua faili la kamera, nikalichoma kwenye diski kama lilivyo. Kwangu likacheza vizuri. Masaka, deki ikazungusha, ikatema.

“Ssebo, mashine imeonja ikatapika,” ssenga akasema.

Kumbe deki za aina ile hazijui mafaili ya kamera. Zinataka video iliyogeuzwa kuwa MPEG-2 na kupangwa ndani ya folda iitwayo VIDEO_TS. Jirani yangu wa Kisaasi akanisifia programu ya Nero, ya Wajerumani, waliotazama kazi ya kuchoma diski wakaipa jina la mfalme anayesimuliwa kuichoma Roma. Kwa bei yake niliona heri nichome nyama. Nikapakua nyingine, ya majaribio, nisiyoitaja. Ilifanya kazi usiku kucha, na asubuhi nikakuta imeandika jina lake kwa herufi nyeupe juu ya paji la uso la baba mkwe, tangu salamu za kwanza hadi keki.

Nikaangukia DVD Flick, ya bure kabisa. Sasa tatizo likawa nafasi. Diski ya kawaida ni ya GB 4.7, yaani saa 2 hivi za picha ya kuridhisha, na sherehe yetu ilikwenda saa 5. Ukibana zote, nyuso za watu hugeuka vipande vya sabuni. Nikakata. Mke wangu akatazama, akauliza jogoo wa kaka yake yuko wapi. Bila jogoo huyo kukabidhiwa shemeji, hapo sijaoa, nilikuja kula tu. Nikamrudisha jogoo, nikamwondoa mjomba wangu.

Ssenga akasafiri tena.

“Ssebo, mama anauliza kwa nini mmemtia katika enzi za Kabaka Muteesa.”

Picha ilikuwa nyeusi na nyeupe, tena inapanda juu kama moshi. Kwenye mipangilio nilikuwa nimeacha NTSC, mfumo wa Marekani na Japani, wenye fremu karibu 30 kwa sekunde. Uganda, kama Tanzania, wakati huo ilitumia PAL, fremu 25, na televisheni ya mama ilikuwa ya zamani, haina subira na wageni. Magauni yote ya gomesi ya rangi yaliyogharimu ukoo mzima yakawa kama ya matanga.

Nikasalimu amri, nikaenda mjini kwa kijana wa kibandani, wanakouza filamu zilizotiwa sauti ya Kiganda na ma-VJ. Aliniuliza swali moja tu: “Deki ya mama ni ya aina gani?” Wiki tatu zote sikuwahi kuuliza. Akachukua shilingi 10,000 na kuniambia nirudi kesho.

Safari hii ssenga alipiga simu akicheka hadi akakosa pumzi. Kwenye sherehe baba yangu mdogo alikuwa amesalimu kwa Kiswahili dakika 20, na kijana, kwa wema wake, akaona mama hataelewa. Akamtafsiri baba mdogo kwa sauti ya VJ, kama komando anayevamia kambi, akiapa kwamba hatuondoki bila binti.

Mama mkwe ameitazama mara nyingi kuliko mimi, na majirani huja na viti vyao. Baba mdogo anajua tu kwamba Masaka wanampenda. Ukikutana naye Tanga, tafadhali usimwambie.