Sifa za Mshikaki
Familia kubwa inayotoka Mwamkulu kwenda Mpanda mjini haina haja ya kuwazia basi, kwa kuwa suala la nauli limekwishatatuliwa na mshikaki, yaani utaratibu wa kupanga abiria wawili au zaidi juu ya pikipiki moja kama nyama kwenye kijiti, ingawa nyama huhesabiwa kabla ya kuchomwa. Reli ya Kaliua hadi Mpanda ilihitaji injini, mabehewa na stesheni. Bodaboda huhitaji tu baba abane pumzi, mama apakate mtoto, na kiroba cha mpunga kilalie tangi la mafuta. Sheria huruhusu abiria mmoja, na hapo ndipo hekima ya wasafiri hudhihirika, maana familia ni moja. Kofia ngumu nayo ni moja, na huvaliwa na usukani.