Fiuzi Isiyokatika

Pale Ushirombo, kwenye barabara ya Kahama kwenda Nyakanazi, Hiace imevishwa taa za LED za rangi saba, spika ya kutikisa viti na feni mbili, zote zikimtazama dereva. Vyote vinanyonya betri moja ya volti 12, kama wapwa waliosikia mjomba kapata dhahabu.

Fiuzi ya ampea 15 ilikuwa na kiherehere: ikizidiwa, inakatika. Fundi ameistaafisha, akaweka waya wa shaba. Huo haukatiki, gari zima likiungua, wenyewe utakuwa bado kazini. Mtumishi gani siku hizi ana uaminifu huo?

Taa ya mbele ya kushoto haiwaki. Ya nini? Ng'ombe wataliona disko likija.