Diski Iliyomkosesha Mama Mkwe Usingizi

"Mwanangu, humu mna panya. Anatafuna kwa vituo."

Mama mkwe alikuwa amefika kwetu Tanga kutoka Pangani, tumrekodi akisimulia maisha yake ili wajukuu wayasikie. Masikio yake hayamdanganyi, basi kulipokucha nyumba nzima ikapinduliwa. Kabati likavutwa, gunia la mchele likainuliwa, paka wa jirani akaazimwa. Panya hakuonekana. Usiku sauti ikarudi: tik, kimya kirefu, tik. Mume wangu akaifuata kwa tochi ya simu hadi mezani, ilipokuwa laptopu tuliyoiacha ikiwaka.

Mlio ulitoka kwenye diski yake. Ndani ya diski za aina ile mna sahani zinazozunguka, na juu yake huelea vichwa vya kusomea, vikiwa karibu nazo mno kiasi kwamba unywele haupiti katikati. Laptopu ikikaa bila kazi, diski huvitoa vichwa hivyo na kuviegesha pembeni ili kupunguza matumizi ya umeme na kuepusha madhara ikitikiswa. Programu yoyote ikiandika kitu kidogo, vinarudi kazini. Tik moja ni safari moja. Peke yake si ugonjwa. Ila mlio ukifuatana bila kukoma, na mafaili yakaanza kugoma kufunguka, hamisha kazi zako siku hiyohiyo.

Yetu ilikuwa imezeeka, tukaamua kuibadilisha. Shemeji akaenda kwa fundi, akauliza ukubwa na bei, akashauriwa achukue yenye kasi. Akarudi na diski ya mizunguko 7200 kwa dakika. Ya zamani ilikuwa 5400. Kwa sekunde moja hiyo ni mizunguko 120 badala ya 90, na mtikisiko wake hushuka kwenye meza. Meza yetu ni ya mbao nyepesi, chini iko wazi, na ilivuma kuliko diski yenyewe. Maikrofoni ya laptopu ikaunasa mvumo wote. Mama mkwe alikuwa akieleza jinsi mama yake alivyovuka mto na mtoto mgongoni, akakatiza: "Kuna gari limesimama nje?" Nilipoisikiliza rekodi ile baadaye, niliumia. Kila alipopumua, mvumo ulijaa nafasi yake.

Tukakunja kanga tukaitandika chini ya laptopu. Mvumo ukapungua, lakini matundu ya hewa yakazibika, laptopu ikachemka, na feni ikaanza kupiga kelele kuliko diski.

Kwa nyumba kama zetu, ambamo meza moja hutumika kulia chakula, kufanyia kazi na kurekodia bibi, naona kelele ingeulizwa dukani kabla ya kasi. Diski ya SSD haina sahani wala kichwa, ina chipsi za kumbukumbu tu. Hakuna kinachozunguka wala kinachogonga. Na mwendo wake huipita kwa mbali hiyo ya 7200. Kwa pesa ileile hupati nafasi kubwa kama ya diski ya sahani, lakini sauti ya mtu mmoja akisimulia haihitaji nafasi kubwa. Ukinunua, angalia na unene: nyingi za kuchukua nafasi ya diski kama hizo ni milimita 7, na laptopu nyingi za zamani zina nafasi ya 9.5, kwa hiyo huwekewa fremu ya plastiki zisicheze.

Basi tukanunua SSD, tukaiweka kwenye kasha la USB, tukaanza kunakili yaliyomo kwenye ile ya 7200. Umeme ukakatika katikati, betri ya laptopu haikustahimili, skrini ikazima na masimulizi yote ya Mama yakiwa humo. Mume wangu alisimama na bisibisi mkononi, hasemi. Umeme uliporudi tukawasha, na rekodi zote zikafunguka: kazi ile huisoma tu diski inayonakiliwa, haiifuti. Tukaanza upya, na safari hii ikamalizika.

Shemeji aliiomba ile ya 7200 aiweke kwenye laptopu yake. Mama mkwe akakataa. "Maneno yangu yasikae nyumba moja." Alikuwa sahihi kabisa. Tukaihamishia kwenye kasha, rekodi zote zikiwa ndani, akaondoka nayo Pangani pamoja na waya wake. Sikukuu ijayo tutakwenda na laptopu, tumrekodi sehemu ya ndoa yake, kisha tuongeze na kwenye diski yake.