Maili Tatu za Usafi
Sheria ya Maji Safi ya Marekani, iliyopitishwa mwaka 1972, inaizuia boti ya starehe yenye choo cha kudumu kumwaga majitaka yasiyotibiwa, yaani haja kama ilivyotoka kwa mwenyewe, ndani ya maili tatu za baharini kutoka pwani. Mpaka huo ukishapitwa, nahodha yuko huru, kana kwamba samaki wa maili ya nne hawana pua.

Kinachostaajabisha zaidi ni ulinzi wenyewe ndani ya maili hizo tatu. Vali, yaani koki inayoruhusu uchafu wa tangi la choo utoke kwenda baharini, sharti ifungwe na kung'olewa mpini, au itiwe kufuli, au ikazwe kwa kamba ya plastiki isiyofunguka mpaka ikatwe, dada yake ile ya kufungia nyaya za umeme; mwenye mtambo wa kutibu majitaka badala ya tangi, akiwa mahali ambapo hata yaliyotibiwa yamekatazwa, anaruhusiwa pia kuufunga kwa ufunguo mlango wa choo chenyewe, suluhisho ambalo abiria waliokwisha kunywa bia ya tatu watalikumbuka hadi nchi kavu. Mkasi, kwa bahati ya manahodha, haukutajwa popote katika kanuni hizo.