Sifa za Baridi ya Mgongoni

Katika mambo yote yanayomkosesha binadamu usingizi, kama vile viroboto, mbu, deni, na jirani aliyenunua redio mpya, hakuna hata moja lililodhulumiwa haki yake ya kusifiwa kuliko ile baridi inayompanda mtu mgongoni alalapo ndani ya machela iliyotundikwa kati ya miti miwili katika nchi ya Nakuru. Mbu ana hadithi zake, kiroboto ana vitendawili vyake, na mdai hutajwa kwa jina kila mwisho wa mwezi. Lakini baridi ya mgongoni, ambayo huja bila ya kelele, haiumi, haidai, wala haiachi alama mwilini, imelipwa laana tupu na watu wale wale iliowafundisha kulala. Insafu haikubali jambo hili. Nami, kwa kuwa sijaona mwingine aliyejitolea kuisimamia mbele ya wasomaji, nimeona ni wajibu wangu kuieleza nasaba yake, adili yake na ihsani yake, nikitaraji kwamba wale waliowahi kuamshwa nayo saa tisa ya usiku watanisikiliza mpaka mwisho kabla ya kuokota mawe.

Kwa nasaba, haina mshindani. Magharibi ya Nakuru umesimama mlima wa Mau, mashariki imesimama Nyandarua, ambayo kilele chake cha Kinangop kina mita 3,906, na baina ya kuta hizo mbili limelala Bonde la Ufa. Jua linapotua miteremko hupoteza joto lake upesi, hewa inayoigusa hupoa, na hewa iliyopoa, maadamu ni nzito kuliko yenye joto, huanza kushuka taratibu kwa njia ya makorongo na mashamba, haihitaji upepo wala ruhusa ya mtu, mpaka itulie katika kila kitako cha bonde inachokikuta. Mji wa Nakuru wenyewe uko katika mita 1,850 hivi juu ya bahari, Molo katika mita 2,500 hivi, na stesheni ya reli ya Timboroa imepita mita 2,700. Kwa hiyo baridi inayomgusa mlalaji wa huku ni ya ukoo wa juu kwa maana zote mbili za neno hilo. Mjuzi huipa heshima yake kwa kutotundika machela pale chini penye majani mazuri na ukungu, mahali ambapo hukusanya baraza lake usiku kucha. Hupanda mteremko hatua kadhaa, akalala pembeni kama raia mwenye adabu.

Kiburi chake cha kifalme huonekana wazi zaidi penye Menengai. Chini ya mlima ule, tangu mwaka 2011, mafundi wamechimba visima vinavyofika kilomita mbili na zaidi ndani ya ardhi, wakakuta joto linalozidi digrii 300. Na juu yake, ukingoni mwa lile shimo kubwa, mtu aliyelala ndani ya machela mwezi wa Julai hutetemeka mpaka alfajiri, mgongo wake ukielekea tanuri ambalo halimsaidii kwa lolote. Moto wote huo umewekewa mitambo ya umeme. Migongo ya watu imeachiwa baridi, wala baridi haikuona haya kukaa juu ya paa la moto na kufanya kazi yake.

Hasidi atasema kwamba kuna mahali watu hulala katika machela na baridi ya mgongoni hawaijui. Ni kweli. Christopher Columbus alipofika visiwa vya Karibiani mwaka 1492 aliwakuta wenyeji wakilala katika nyavu za pamba zilizotundikwa, na katika nchi zile za joto hewa inayopita chini ya mgongo ni neema, kama ilivyo neema kwa mtu wa Mombasa anayejinyoosha barazani baada ya chakula cha mchana. Manowari za Waingereza zilipoichukua desturi hiyo mwishoni mwa karne ya 16, mabaharia walitia godoro jembamba ndani, jambo linalothibitisha kwamba baridi ilikwisha kuwafikia na kuwasomesha. Basi anayeichukua bidhaa ya Karibiani akaipandisha Mau hawezi kudai kwamba amedanganywa. Amealika mwenyewe.

Fadhila yake iliyo kuu ni kwamba huwafichulia watu ghururi yao. Tangu utoto tumezoea kuamini kwamba joto linakaa juu: tunavuta blanketi mpaka kidevuni, tunafunika vichwa, tunasifia unene wa kile tunachokiona, na hatuulizi habari za kile tunachokilalia. Mgeni huja kambini Naivasha na mfuko wa kulalia ulionona kwa manyoya, akauonyesha kwa kila mtu penye moto, akaingia ndani yake kwa fahari. Asilolijua ni kwamba si manyoya yanayotia joto. Ni hewa iliyonaswa ndani yake ikazuiwa isitembee. Anapolala, uzito wa mwili wake huyabana manyoya yaliyo chini yake, hewa ikatoka, na ule unene aliousifu ukawa wembamba wa shuka mbili, moja yake ni kitambaa cha machela. Mtu aliyelala juu ya ardhi ana ardhi yenyewe kumkinga na upepo kwa upande mmoja. Aliyetundikwa hana kitu, kwa kuwa hewa humpita chini usiku kucha, na kila ipitapo huchukua kidogo cha joto lake. Wazoefu wa machela husema kwamba hata usiku wa digrii 20, ambao kitandani mtu angeuita wa joto, mgongo huanza kunung'unika. Usiku wa Nakuru wakati wa Julai hushuka mpaka digrii 10 au chini yake, na wa Molo hushuka zaidi ya hapo. Tajiri na maskini, mwenye mfuko wa Ulaya na mwenye blanketi la sokoni, wote huhukumiwa kwa sharia moja, na hukumu hutoka saa ile ile, kabla ya jogoo. Sijui hakimu mwingine katika nchi yetu ambaye habagui watu kiasi hicho.

Wazee wetu hawakuhitaji kuhukumiwa, kwa sababu waliijua sharia hiyo mapema. Katika nyumba za nyanda za juu ngozi ilitandikwa chini kabla ya jambo jingine lolote, na Waogiek wa msitu wa Mau, watu waliokaa na baridi hiyo karne nyingi kwa kuheshimiana, walishona majoho ya manyoya ya perere, yule mnyama mdogo anayepiga mayowe mitini usiku. Walowezi walikuja na fikira ya sufu. Lord Delamere, mwanzoni mwa karne ya 20, alileta kondoo wa merino akawafuga Njoro, nao wakafa kwa wingi, kwa kuwa udongo wa huko ulipungukiwa na madini yanayohitajiwa na mnyama, hata ugonjwa wa mifugo unaotokana na ukosefu wa kobalti ukaja kupewa jina la mji wetu wa Nakuru katika vitabu vya waganga wa wanyama. Kondoo waliobaki walihamishiwa Soysambu, karibu na ziwa Elmenteita. Baadaye Nakuru ikawa na viwanda vya mablanketi, vilivyofunika watu wengi sana wa Kenya. Lakini blanketi, kwa desturi, hufunika juu, na baridi ya mgongoni ikaendelea na shughuli zake bila ya bughudha.

Ihsani yake ya mwisho, ambayo peke yake ingetosha kuipatia sifa hizi, ni kwamba imemlazimisha binadamu kubuni mfarishi wa chini. Huu ni mfarishi usiolaliwa. Hutundikwa nje ya machela, chini yake, ukiukumbatia mgongo kwa upande wa pili wa kitambaa. Na kwa kuwa mwili hauubani, hewa iliyomo ndani yake hubaki palepale ilipowekwa. Nani angefikiri kumvisha mtu nguo ambayo haigusi, haioni wala hawezi kuivuta kidevuni, kama baridi isingalimshurutisha? Ni mtumishi asiyeingia ndani, na lawama ikitokea huanguka juu yake.

Kuuchagua kunataka akili kidogo na fedha kiasi. Ipo mifarishi ya manyoya laini ya bata, myepesi, inayojikunja ikawa ndogo, nayo ni ghali. Ipo ya nyuzi za kiwandani, mizito zaidi, inayojaza mkoba, na bei yake ni ya kibinadamu. Manyoya yakilowa hulala chini na kukataa kazi, ilhali nyuzi, hata zikipata unyevu, huendelea kumkinga mtu kwa kiasi. Kwa hiyo rai yangu ni kwamba anayekwenda Molo au msitu wa Mau, ambako ukungu huingia kila mahali bila ya kubisha hodi, achukue wa nyuzi. Na anayekwenda Naivasha wakati wa kiangazi anaweza kujiruhusu manyoya, mradi yawe ya bata. Nasema hivi kwa sababu nawajua watu wanaotazama maelfu ya heroe katika ziwa Nakuru na kuanza kupiga hesabu za mifarishi. Ndege hao wamo ndani ya hifadhi ya taifa, sheria inawalinda, na manyoya yao wanayahitaji wenyewe, kwani nao husimama kwa mguu mmoja majini na kuuficha wa pili ndani ya manyoya ili wasipoteze joto.

Asiye na fedha ya mfarishi wa dukani asikate tamaa. Mfuko wa kulalia uliochoka, aliouokota katika mitumba, ukifunguliwa zipu na kutiwa kamba pembe zake nne, hufanya kazi ambayo haukuifanya ndani ya machela, na huenda ukafurahi kupandishwa cheo kwa kushushwa chini. Urefu ni jambo la hiari: mfarishi mrefu hufunika tangu mabega mpaka nyayo, na mfupi huishia magotini, ambapo mwenye nao hutia kipande cha godoro la povu au koti lililokunjwa chini ya miguu.

Kuufunga ndiko kwenye elimu yenyewe, na hapo baridi ya mgongoni huwa mtahini asiyekubali rushwa. Kwanza tundika machela, kamba zake zikilegea kiasi cha kushuka pembe ya digrii 30 hivi, ili uweze kulala mshazari na mgongo ukanyooka. Na ukitumia ile migunga yenye magome ya njano ya Naivasha, funga kwa mikanda mipana isiyokata gome, na kwanza tazama miiba iliyoanguka chini. Kisha pitisha mfarishi chini, uning'inize kwa kamba za mpira kichwani na miguuni, ili ukufuate kila ugeukapo. Kamba zikikazwa mno, mfarishi hubanwa na kitambaa cha machela, unene wake ukapotea, nawe umelipa fedha kuupata ule wembamba uliokuwa ukiukimbia. Zikilegea mno, baina ya mfarishi na mgongo huachwa nafasi, na nafasi hiyo hujaa hewa baridi inayojazwa upya kila ukijitikisa. Ukweli uko katikati, na haupatikani kwa macho: lala ndani kama utakavyolala, mwenzako apitishe mkono chini, kati ya mfarishi na machela, aanze kiunoni aende mabegani. Penye pengo atakwambia yeye sasa, au baridi itakwambia baadaye. Mwisho, vuta nyuzi za ncha mbili mpaka zigusane na kitambaa bila ya kukikaba, kwa maana baridi hupenda kuingia mabegani kuliko mahali pengine pote. Halafu shusha turubai la juu ya machela upande wa upepo.

Wapo wapinzani wanaodai kwamba taabu yote hii haina haja, kwani kipande cha godoro la povu kikitiwa ndani ya machela hukata baridi vilevile na kwa bei ndogo. Nakubali kwamba hukata. Lakini godoro huteleza, hukunjika penye kiuno, humtoa mtu jasho upande mmoja na kumwacha mabega wazi, na usiku wa manane mwenye nalo huonekana akilitafuta miguuni kwa maneno yasiyoandikika. Wengine huogopa kwamba mfarishi unaoning'inia utawavuta wanyama. Kwa habari hiyo nasema tu kwamba kando ya ziwa Naivasha viboko hutoka majini usiku kula majani, na hawajali mfarishi wala godoro. Funga machela yako mbali na njia zao, ndani ya uzio wa kambi, na baridi itakukuta hukohuko salama.

Asiyesadiki sifa hizi na apande Molo mwezi wa Julai, achukue machela nzuri na blanketi bora la kujifunika juu, wala asichukue kitu cha chini. Akirudi na hoja za kunipinga, karatasi na kalamu nitampa mimi.